Usingizi wa Yai la Nondo wa Hariri

Leo tumekusudia kuwaeleza habari za kitu kidogo mno, ambacho kichwa cha pini chaweza kukifunika. Kitu hicho ni yai la nondo wa hariri.

Hariri yenyewe twaijua. Watu wa pwani wameijua tangu kale, maana ililetwa kwa majahazi pamoja na bidhaa nyingine za ng'ambo, na jina lake tumelipata kwa Waarabu. Lakini wengi wavaao hariri hawajapata kumwona mdudu aitoaye, wala hawajui kwamba mali ya falme kubwa ilisimama juu ya usingizi wa yai lake. Usingizi huo ndio habari yetu ya leo: ni nani aliamuruye yai kulala, na watu waliupataje ujuzi huo.

Kwanza tumjue mdudu mwenyewe. Nondo jike wa hariri hutaga mayai 300 mpaka 500, kisha hufa. Yai likianguliwa hutoka kiwavi mdogo mweusi, ambaye chakula chake ni majani ya mforsadi. Hula usiku na mchana kwa muda wa siku 25 hivi, hujivua ngozi mara nne, kisha hujifumia kifuko kwa uzi mmoja ambao ukinyoshwa waweza kupita mita 1,000. Uzi huo ndio hariri. Ndani ya kifuko kiwavi hugeuka pupa, asiyekula wala kutembea. Naye pupa hugeuka nondo. Nondo huyo hali kitu, wala hawezi kuruka. Kazi yake ni kupandana na kutaga tu, na mambo yake yakaisha.

Sasa yatazameni mayai. Yakiisha kutagwa, yote huwa ya rangi ya manjano. Walakini baada ya siku mbili tatu mengine huwa yangali manjano, na mengine huanza kugeuka, yakawa ya kahawia, kisha meusimeusi kama zambarau iliyoiva. Yale ya manjano huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Yale meusi hayaanguliwi. Juma hupita, mwezi hupita, miezi sita hupita, nayo yangali kimya. Mtu asiyejua angedhani yamekufa, akayatupa. Kumbe hayakufa, yamelala. Mdudu mchanga aliye ndani yake alianza kuumbika, akafika kiasi fulani, akasimama hapo hapo.

Kwa nini asimame? Katika nchi za Uchina, Japani na Ulaya kuna majira ya baridi kali. Maji huganda, na mforsadi hupukutisha majani yake yote. Kiwavi akitoka yaini wakati huo hana chakula, naye atakufa baada ya siku chache. Basi usingizi wa yai ni daraja ya kuvukia miezi ya njaa. Wakulima wetu wanalijua jambo lililo karibu na hilo: mbegu za magugu hukaa udongoni kiangazi chote bila kuota, hata mvua za masika zikaja.

Lakini yai la nondo lina ajabu yake. Halingoji baridi ifike ndipo lilale. Hulala mapema, wakati joto lingali jingi na majani yangali mtini, kana kwamba limekwisha kupata habari za baridi isiyokuja bado. Tena si mayai yote yalalayo. Wako nondo wa kabila la mara moja kwa mwaka, ambao mayai yao hulala kila mara. Wako wa nchi za joto, kama wale wa Mysore katika Bara Hindi, ambao huzaliana mara kadha wa kadha katika mwaka bila kulala. Na kati ya hao wako wa kabila la mara mbili: uzao wa kwanza hutaga mayai yasiyolala, na uzao wa pili hutaga mayai yanayolala mpaka mwaka ujao. Hao wa mara mbili ndio walioleta fumbo kubwa, maana mama na binti ni damu moja, na mayai yao yatofautiana.

Usingizi huo uliingia katika mambo ya watu tangu zamani sana. Kwa miaka mingi Wachina waliushika ujuzi wa hariri peke yao. Mwandishi Procopius, aliyeishi zamani za Kaisari Justinian wa Rumi ya Mashariki, asimulia kwamba watawa fulani walimwendea Kaisari huyo, wakamwambia ya kuwa viwavi wa hariri hawawezi kusafirishwa wakiwa hai, lakini mayai yao yachukulika kwa urahisi. Mnamo mwaka 552 hivi watawa hao wakaleta mayai mpaka Constantinople. Asema Procopius kwamba mayai hayo, ingawa yalitagwa zamani, yalifukiwa katika samadi ili yapate joto, yakaanguliwa. Tazameni basi: lau mayai yale yasingeweza kukaa bila kuanguliwa, viwavi wangetoka njiani pasipo mforsadi, na safari yote ingalikuwa bure.

Baada ya hayo ufugaji ukaenea katika nchi za Ulaya, hasa Italia na Ufaransa. Hata katikati ya karne ya 19 ukaingia ugonjwa uliowatia viwavi madoa meusi kama pilipili iliyosagwa. Katika Ufaransa vifuko vilivyovunwa mwaka 1853 vilikuwa kilo milioni 26. Mwaka 1865 vilikuwa kilo milioni 4 tu. Vijiji vizima vilivyotegemea mforsadi viliingia katika ufukara. Serikali ikampeleka Bwana Louis Pasteur katika mji wa Alès mwaka huo wa 1865, ingawa hakuwa amewahi kuwachunguza wadudu hao. Akakaa katika kazi hiyo miaka mitano, akaona kwamba ugonjwa hupita kutoka kwa mama na kuingia ndani ya yai. Basi dawa aliyoitoa ilikuwa hii: kila nondo jike atage peke yake, akiisha kutaga, mwili wake usagwe na kutazamwa kwa hadubini, akionekana na ugonjwa, mayai yake yote yachomwe moto. Ukitaka kulijua yai, mchunguze mama. Neno hilo tulikumbuke, maana litarudi.

Aliyekuwa msaidizi wa Pasteur, Bwana Émile Duclaux, ndiye aliyeuangalia usingizi wenyewe. Mwaka 1869 alitoa habari kwamba baridi, ambayo watu waliidhania kuwa adui wa yai, ndiyo ifunguayo usingizi wake. Yai jeusi likiwekwa mahali pa joto siku zote haliamki vema. Likipitishwa kwanza katika baridi kwa miezi kadhaa, kisha likarudishwa jotoni, huanguliwa. Hapo watu walipata ufunguo wa kwanza. Walijua jinsi ya kuliamsha yai, lakini hawakujua ni nani aliyelilaza.

Ugonjwa ule wa Ulaya uliifungulia Japani mlango. Wajapani walikuwa na mayai yenye afya, yaliyotagwa juu ya kadi za karatasi, na wafanyabiashara wa Italia na Ufaransa wakavuka bahari kuyatafuta. Mtawala wa Japani, Shogun Tokugawa Iemochi, alimpelekea Napoleon wa Tatu wa Ufaransa zawadi ya maelfu ya kadi za mayai, nayo Japani ikarudishiwa farasi wa Kiarabu. Mayai hayo yalisafiri yakiwa yamelala, kama yalivyofanya yale ya watawa miaka 1,300 kabla yake. Mwaka 1872 Serikali ya Japani ikafungua kiwanda kikubwa cha kusokota hariri huko Tomioka, na kufikia mwaka 1909 hivi Japani ilikuwa imeipita Uchina kwa kuuza hariri katika nchi za nje.

Lakini mkulima wa Kijapani alikuwa na shida. Mforsadi huwa na majani wakati wa machipuko, na wakati wa joto, hata mwanzo wa kupukutika. Mayai yake, lakini, yaliamka mara moja wakati wa machipuko, yote pamoja. Kazi ikamsonga miezi miwili, kisha majani yakakaa mtini bila mlaji. Angalipenda kuvuna mara mbili au tatu, kama angaliweza kuliambia yai, "Ngoja kidogo; nitakuamsha mwezi wa saba."

Njia ya kwanza waliyoipata ilikuwa mapango ya upepo. Katika milima fulani ya Japani hewa baridi hutoka kati ya mawe hata wakati wa joto. Huko Arafune, katika jimbo la Gunma, maghala ya mawe yalianza kujengwa mwaka 1905 juu ya matundu ya baridi hiyo. Wafugaji walipeleka kadi zao zihifadhiwe humo, nayo mayai yakakaa baridini mpaka siku waliyoitaka wenyewe. Yakitolewa jotoni, yakaanguliwa. Mwaka 2014 mahali hapo, pamoja na kiwanda cha Tomioka, paliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Njia ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Ilionekana kwamba mayai yaliyotagwa tangu jana, yaani kama saa 20 baada ya kutagwa, yakichovywa katika tindikali ya haidrokloriki iliyopashwa moto kufikia digrii 46 za sentigredi, kwa muda wa dakika tano hivi, kisha yakaoshwa kwa maji, hayalali kabisa. Huanguliwa baada ya siku chache kana kwamba hayakuwa ya kulala. Kwa mapango, na kwa tindikali, na kwa mbegu za kuchanganya makabila alizozihimiza Bwana Toyama Kametaro tangu mwaka 1906, mavuno ya wakati wa joto na ya kupukutika yakaongezeka sana. Mnamo mwaka 1930 nyumba karibu mbili katika kila nyumba tano za wakulima wa Japani zilikuwa zikifuga viwavi. Kwa hiyo msidhani kwamba habari hii ilikuwa mchezo wa wataalamu. Karo ya mtoto na deni la mchele vilining'inia katika neno moja: yai limelala, au halikulala?

Sasa twarudi kwenye fumbo letu. Mwaka 1933 Bwana Kogure wa Japani alitoa kitabu cha majaribio marefu aliyoyafanya juu ya nondo wa kabila la mara mbili. Alichukua mayai ya namna moja, akayaangulia kwa njia mbalimbali. Mayai yaliyolelewa katika joto la digrii 25 na mwanga yalitoa viwavi waliokua, wakawa nondo, wakataga mayai yanayolala. Mayai yaliyolelewa katika digrii 15 na giza yalitoa viwavi waliokua vivyo hivyo, wakawa nondo, wakataga mayai yasiyolala.

Lifikirini jambo hilo polepole. Yai lililohisi joto si lile lililolala. Aliyehisi joto ni mama, tena alihisi wakati yeye mwenyewe alipokuwa ndani ya yai. Akatoka, akala majani siku 25, akajivua ngozi mara nne, akafuma kifuko, akawa pupa, akawa nondo. Na baada ya safari hiyo yote habari ya joto la utotoni mwake ikawafikia watoto wake. Ndivyo mwaka unavyokwenda. Mama aliyeangulika wakati wa ubaridi wa machipuko hutaga mayai yasiyolala, kwa kuwa joto la kati ya mwaka liko mbele yao. Binti yake, aliyeangulika wakati wa joto na siku ndefu, hutaga mayai yanayolala, kwa kuwa mbele yao iko baridi. Joto la leo ndilo litoalo habari ya baridi ya kesho. Basi mama aliihifadhi wapi habari hiyo, na aliipelekaje kwa mayai?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwenda kwanza Polandi. Huko alikuwako mtaalamu aitwaye Stefan Kopeć. Katika maandiko yake ya mwaka 1917 na 1922 alieleza jinsi alivyowafunga viwavi wa nondo wa namna nyingine kwa uzi katikati ya mwili, ili damu ya mbele isipite nyuma. Akiwafunga mapema, sehemu ya mbele hugeuka pupa, na ya nyuma hubaki kiwavi. Akiwatoa ubongo mapema, hawageuki. Akaonyesha kwamba ubongo wa mdudu hutoa kitu kiingiacho katika damu, na kitu hicho huamuru mwili ubadilike. Kitu cha namna hiyo twakiita homoni, nacho ni kama mjumbe anayechukua amri ya kiungo kimoja kwa kingine akipita katika damu. Wakati huo wengi hawakusadiki kwamba mdudu ana mambo kama hayo. Bwana Kopeć hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake yote, maana Wajerumani walimpiga risasi mwaka 1941, wakati wa vita.

Huko Japani watu walikuwa wakilitafuta jambo hilo hilo kwa mayai. Mwaka 1926 Bwana Umeya alieleza majaribio ya kuhamisha ovari, yaani mahali mayai yanapokulia, kutoka mdudu mmoja na kuitia katika mwili wa mwingine. Ikaonekana ya kuwa mayai hayakushika desturi ya mwili yalikotoka, bali yalifuata desturi ya mwili uliyoyapokea. Basi amri haikuwa ndani ya yai. Ilikuwa katika mwili wa mama, na ilifika kwa njia ya damu.

Hata mwaka 1951 watu wawili, kila mmoja kwa kazi yake, wakakipata kiungo chenyewe. Mmoja ni Bwana Fukuda Soichi, na wa pili ni Bwana Hasegawa Kinsaku. Katika kichwa cha mdudu kuna ubongo, na chini ya umio kuna fundo dogo la mishipa ya fahamu, lililounganishwa na ubongo kwa nyuzi mbili. Walilitoa fundo hilo katika pupa jike ambaye ilijulikana kwamba angetaga mayai ya kulala. Alipokuwa nondo akataga mayai ya manjano yasiyolala. Kisha wakalitia fundo katika mwili wa pupa ambaye ilijulikana kwamba angetaga mayai yasiyolala. Huyo akataga mayai meusi, yaliyolala.

Bwana Fukuda akaendelea kuuliza. Je, mama wa mayai yasiyolala hana homoni hiyo? Akachukua fundo la mama wa namna hiyo, akalipandikiza katika pupa mwingine. Nalo pia lililaza mayai! Basi homoni ilikuwamo katika wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja aliimwaga na wa pili aliizuia. Ni nani aliyezuia? Akazikata zile nyuzi zinazounganisha ubongo na fundo katika mama wa mayai yasiyolala. Mara fundo lilipokuwa huru, likatoa homoni yake, na mayai yakalala. Ikadhihirika kwamba ubongo ndio bwana wa mlango. Habari ya joto iliyopatikana ndani ya yai hukaa katika kichwa cha mama maisha yake yote. Na siku za pupa, mayai yanapokua, ubongo hufungua mlango au huufunga.

Haikuwa kazi nyepesi. Fundo hilo ni dogo sana, na pupa akikatwa vibaya hufa, au hataga. Tena kila jaribio lilikuwa na kungoja kwake: kungoja pupa ageuke nondo, kungoja atage, kungoja siku mbili tatu ili kuona kama mayai yatageuka rangi. Mwaka 1957 Bwana Hasegawa alitoa habari kwamba ameikamua homoni hiyo kutoka katika vichwa vya pupa, na akiitia katika pupa wengine kwa sindano, mayai yao hulala. Lakini kuijua imeumbwaje kulichukua miaka 34 zaidi. Mwaka 1991 wataalamu wa Japani, akiwamo Bwana Imai, walitangaza umbo lake lote: ni mnyororo mfupi wa protini wenye viungo 24 tu vya amino asidi. Viungo 24, navyo vyatosha kulisimamisha yai mwaka mzima.

Homoni hiyo hufanyaje kazi? Haimgusi mdudu mchanga mwenyewe, kwa maana inapomwagwa yeye hajaumbwa. Hulitayarisha yai. Huifanya ovari ivute sukari nyingi kutoka katika damu ya mama, na kuiweka ndani ya mayai kwa namna ya akiba iitwayo glaikojeni, kama mtu ajazavyo ghala kabla ya njaa. Yai likiisha kutagwa na kuanza kulala, akiba hiyo hugeuka vitu viwili vitamu, sorbitoli na gliseroli. Bwana Chino wa Japani ndiye aliyeonyesha hayo katika miaka ya 1957 na 1958. Vitu hivyo husaidia kulilinda yai lisiharibiwe na baridi. Tena mwaka 2000 ilielezwa kwamba mdudu mchanga akitolewa katika yai lililolala na kulelewa nje yake, huendelea kukua. Akitiliwa sorbitoli, husimama. Basi utamu ule ule ulio ngao yake ndio pia kamba yake. Baridi ya miezi miwili au zaidi ikipita, sorbitoli hurudi kuwa glaikojeni, kamba hufunguka, na yai huwa tayari kuamka joto lijapo. Kwa hiyo Bwana Duclaux alisema kweli mwaka 1869, ingawa hakuweza kuiona sababu yake.

Swali moja lilibaki: yai huhisije joto? Mwaka 2014 wataalamu wa Japani walieleza kwamba katika mdudu mchanga aliye yaini kuna protini iliyo kama kimlango, nayo hufunguka joto lipitapo digrii 21 hivi. Walipoizuia protini hiyo katika mayai yaliyolelewa kwa digrii 25, mama waliotoka humo wakataga mayai yasiyolala, kana kwamba hawakupata kuona joto. Basi mnyororo wa habari sasa waonekana karibu wote: kimlango cha joto yaini, ubongo wa mama, fundo chini ya umio, homoni katika damu, ovari, akiba ya sukari, na mwisho usingizi wa mtoto.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wadudu wote wana desturi moja. Wako wadudu ambao usingizi wao huwapata wakiwa viwavi, au pupa, au wakiisha kukomaa, na amri zake ni nyingine. Na hapa liko jambo linalowahusu wakulima wa pamba wa Afrika ya Mashariki. Wanamjua funza wa vitumba, ambaye huharibu pamba, na mahindi, na nyanya pia. Funza huyo aweza kulala akiwa pupa ardhini. Mwaka 2004 wataalamu wa Uchina walionyesha kwamba homoni ya jamii ile ile imo katika mwili wake. Lakini kwake yeye hailazi, bali huamsha! Mjumbe ni mmoja, na katika nyumba mbili ujumbe wake huleta mambo yaliyo kinyume.

Kutokana na hayo watu wameanza kutafuta njia ya kumharibia adui usingizi wake. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba vitu vilivyotengenezwa kwa mfano wa homoni hiyo viliweza kuuvuruga usingizi wa pupa wa funza wa mahindi wa nchi yao, ambaye ni ndugu wa funza wa vitumba. Mdudu aliyeamshwa wakati usio wake hutoka katika nchi isiyo na chakula, akafa asizae. Kazi hiyo ilikuwa ya maabara, si ya shamba. Lakini mwasikia jinsi mambo yanavyogeuka. Mkulima wa hariri alijifunza usingizi wa mdudu ili amwokoe asitoke pasipo majani. Mkulima wa pamba aweza kujifunza usingizi huo huo ili amtoe adui pasipo majani.

Katika habari hii tumetaja watu wengi. Aliyegundua ufunguo hakuujua mlango, na aliyeujua mlango hakuliona umbo la mjumbe. Kila mmoja alishika kiungo kimoja, akampa wa nyuma yake. Nanyi wanafunzi, mkiona yai la mdudu juu ya jani, msiseme mara moja kwamba limekufa kwa kuwa halianguliwi. Liwekeni alama, mhesabu siku, mwandike mvua na joto, mwangalie rangi yake. Bwana Fukuda na Bwana Hasegawa nao waliijua amri ya usingizi kwa kungoja na kutazama rangi ya yai.